Valvu Isiyokaa Kitini

Fundi Kimya hakuwa na mke, kwa kuwa aliyekuwa naye alitangulia mbele ya haki kabla hawajajaliwa mtoto. Hakuwa na redio. Hakuwa na saa ya ukutani, kwa sababu mlio wake ulimkera. Hakuwa na kiti cha pili wala kikombe cha pili, na mteja aliyetaka kupumzika alikalia tairi kuukuu. Hakuwa na mtu wa kumwambia "pole" alipojigonga kidole kwa nyundo, wala wa kumcheka alipoitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Kitu alichokuwa nacho, tena kirefu kuliko yeye mwenyewe, kilikuwa ukuta.

Ukuta huo ulikuwa wa matofali ya saruji, haukupigwa lipu, na uliikata gereji yake katikati kama kisu kinavyokata mkate. Jiliwa kubwa la kubania vyuma lilibaki upande wake. Mashine ya kutobolea ilibaki upande wa pili. Shimo la kuingilia chini ya magari lilikwenda upande wa pili pia, hivyo yeye alifanya kazi akiwa amelala chali juu ya boksi lililofunuliwa. Paa tu ndilo halikugawanywa. Lilikuwa bati moja refu, na kati ya bati na tofali la mwisho mwashi aliacha uwazi wa kiasi cha mkono. Mvua iliponyesha, iliwanyeshea wote sawasawa.

Zamani ukuta huo haukuwapo. Gereji ilikuwa moja na mafundi walikuwa wawili, mtu na mdogo wake. Kaka mtu alimlea mdogo wake tangu angali wa kubebwa mgongoni, maana wazazi wao walifariki mapema. Alimlisha, akamsomesha, kisha akampa spana. Alimfunga kitambaa machoni na kumtaka azitambue spana kwa kuzipapasa, na mtoto akizikosea, chakula kilichelewa. Walipokuwa watu wazima, wateja waliwabatiza majina. Mkubwa wakamwita Kimya, mdogo wakamwita Kelele, na majina yakawaganda kama grisi kwenye kucha.

Kelele alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Akifungua boneti, huanza kwa kuisalimu injini. Jioni alikwenda shule ya watu wazima kusoma mambo ya mitambo, na asubuhi alirudi na maneno mapya mdomoni kama mtoto aliyepewa peremende. Kimya alikuwa kinyume chake. Alisema machache, na sifa yake mjini ilikuwa moja: injini ikitoka mikononi mwake haikusikika. Ungeweka glasi ya maji juu yake, na maji yangetulia kama yamo mtungini.

Siri ya utulivu huo ilikuwa kwenye tapeti, na hapa msomaji asiyejua injini na anisikilize kidogo. Ndani ya injini, juu ya kila silinda, kuna milango midogo ya chuma yenye umbo la uyoga. Hiyo ndiyo valvu. Mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi. Huu wa kutoa moshi hupitiwa na moto mtupu, hata kichwa chake huwa chekundu kama kaa la jikoni. Mbona basi hauyeyuki? Hauyeyuki kwa sababu kila unapojifunga hukaa juu ya kiti chake, ukingo kwa ukingo, na hapo hukikabidhi kiti joto lake, nacho hulipeleka kwenye maji ya kupozea. Joto lingine hushuka kupitia shina lake. Lakini shina likipata moto hurefuka. Kwa hiyo fundi huacha nafasi ndogo, nyembamba kama ukucha, kati ya shina na mkono wa chuma unaolisukuma, uitwao tapeti. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki unaousikia injini inapozunguka. Kimya hakuupenda mlio huo. Basi akawa anaibana nafasi hiyo mpaka inakwisha.

Siku moja mwoka mikate alileta gari lake la kusambazia mikate. Lilikuwa linachechemea na kukohoa kama mzee mwenye baridi yabisi. Lilikuwa limetoka mikononi mwa Kimya muda si mrefu. Kelele akafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akaitoa valvu ya moshi, akainyanyua juu kwenye mwanga. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja kama biskuti iliyotafunwa na panya.

"Chuma hafifu," Kimya alisema. "Siku hizi wanatuuzia makopo."

"Kaka, si chuma," Kelele akajibu. "Tapeti zilibanwa. Shina likirefuka kwa moto halina pa kwenda, linaisukuma valvu itoke kitini. Inaning'inia tu. Sasa joto lake itampa nani?"

"Itakupa wewe, unayejua kila kitu."

Mwoka mikate akaangua kicheko. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa mtu mnene mwenye kucheka kwa tumbo zima, na unga ulimdondoka mabegani. Lakini kicheko kile kilimwingia Kimya kama kibanzi cha chuma jichoni. Akaweka chini nyundo yake.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana," alimwambia mdogo wake. "Leo umekuja kunifundisha kusikia?"

Kesho yake Kelele alifika mapema. Alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai vinavyofuka mvuke. Akakiweka kimoja juu ya jiliwa, mbele ya kaka yake.

"Kaka, yaishe. Nilikosea kusema mbele ya mteja. Ningengoja aondoke."

Kimya alikuwa anafuta spana iliyokuwa safi tayari. Aliendelea kuifuta. Ilitosha aseme "haya." Neno lenyewe lina silabi mbili, halihitaji hata kufungua mdomo sana. Kelele alisimama akingoja mpaka chai yake ikaisha. Ile ya kaka yake ikapoa, ikafanya utando, nzi akatua, akazama. Hakuna aliyemwaga chai hiyo mpaka jioni.

Tangu siku hiyo ndugu hao wakawa wanazungumza kupitia wateja.

"Mwambie huyo fundi mwingine anipe spana ya kumi na nne," Kimya alimwambia mwoka mikate.

"Si huyo hapo mbele ya pua yako?"

"Wewe mwambie tu."

"Haya. Fundi, kaka yako anaomba spana ya kumi na nne."

"Mwambie iko mfukoni mwake."

Kweli, ilikuwa mfukoni mwake. Mwoka mikate akacheka tena kwa tumbo zima, na safari hii na Kelele alicheka. Wiki hiyohiyo Kimya akaita mwashi.

Mwashi alikuwa mtu wa mzaha. Alipokuwa akipanga tofali la kwanza alisema, "Nimejenga kuta za kuzuia wezi, na za kuzuia mbuzi. Huu ni wa kwanza kujenga wa kuzuia salamu." Kimya hakucheka. Kelele alikuwa amesimama pembeni na mikono mfukoni. Alimwomba mwashi jambo moja tu, kwamba asifike hadi juu kabisa. "Acha pumzi," alisema. "Injini isiyopumua hufa." Ndiyo maana ule uwazi ukabaki.

Miaka ikapita juu ya ukuta huo. Mwanzoni watoto wa Kelele walipanda juu ya mapipa, wakachungulia kwenye uwazi na kuita, "Baba mkubwa, shikamoo!" Kimya aliitikia "marahaba" kwa sauti ndogo kiasi kwamba labda springi za valvu ndizo zilizomsikia. Mtoto asipoitikiwa huchoka. Wakaacha kupanda. Kilichobaki kuvuka ukuta ni milio: vicheko vya Kelele, mashine ya kutobolea ikiungurumia chuma, na zile injini zake zenye tiki-tiki-tiki. Kimya alilalamika moyoni kila siku kuhusu kelele hizo. Hakujua kwamba kila asubuhi alikuwa hashiki kazi mpaka amezisikia.

Kisha alasiri moja ukuta uligongwa. Ulikuwa mlio mzito, kama wa ngumi, ukanyamaza, ukarudi tena. Kimya alidhani ni mdogo wake anatundika rafu. Akakunja uso na kuendelea kusaga valvu yake. Kesho yake hakusikia kicheko. Hakusikia mashine ya kutobolea. Kulikuwa kimya.

Siku ya kwanza alijiambia, "Afadhali. Sasa nitasikia kazi yangu." Siku chache baadaye aliizima injini aliyokuwa akiijaribu ili asikilize upande wa pili, akasimama na kitambaa mkononi. Bati lililia kwa jua. Hakuna kingine kilicholia. Akiwa na kazi ya kutoboa, alijikuta amebeba kipande cha chuma hadi kwenye ukuta, akasimama mbele ya matofali kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mwenye uwanja, mama mmoja mkavu wa maneno, alikuja na mchomeleaji kumwonyesha upande ule. Kimya akatoka nje.

"Mama, kulikoni? Huyo yuko wapi?"

"Huyo nani?"

"Mdogo wangu."

"Kumbe ni mdogo wako bado? Amehama na mkewe na wanawe. Amepata kazi mji mwingine, kwenye gereji ya mabasi. Hakukuaga?"

"Hakuniaga."

"Basi mlango wako una matatizo, au masikio. Mimi nilimwona amesimama pale ndani, anagonga ukuta. Alisema akikufuata kwa mlango hukawii kujitia una kazi." Mama akafunga khanga yake vizuri. "Aliniomba nisimpangishe mtu sehemu yake hadi mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, unangoja nini, baba? Akasema, 'Huenda kaka akagonga.' Mimi nimemwahidi. Lakini mwezi ukiisha, huyu bwana anaingia na mitungi yake ya gesi. Nami sipendi kurudia maneno."

Kimya aliurudia mlango wake polepole. Alikaa kwenye kiti chake kimoja. Angeweza kugonga. Lakini angegonga nini, wakati upande wa pili hapakuwa na sikio? Tena angesema nini? Alikuwa bado anaamini kwamba ile valvu ilikuwa chuma hafifu. Mtu anayejiona ana haki hukaa na haki yake kama anayekaa na maiti, haimjibu wala haimwachi.

Ukweli uliletwa na gari la mikate. Mwoka mikate alilisukuma mwenyewe hadi mlangoni, akitokwa jasho, unga umekuwa uji shingoni mwake.

"Fundi, limeanza tena. Silinda moja haifanyi kazi. Na usiniambie habari za chuma hafifu! Mara ya mwisho nilikwenda mwenyewe duka kubwa la vipuri, nikanunua valvu bora kuliko zote. Wewe mwenyewe uliisifu."

Alikuwa amesema kweli. Kimya aliikumbuka vizuri. Ilikuwa valvu ya injini za kazi nzito, ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na nikeli ili kisichoke kwa moto. Ukingo wake ulipakwa metali ngumu isiyoliwa upesi. Shina lake lilikuwa na uwazi ndani, na uwazi huo ulitiwa sodiamu nusu tu. Injini ikipata moto, sodiamu huyeyuka na kurukaruka juu na chini, ikichota joto kichwani na kulipeleka shinani. Wangeijaza pomoni isingepata pa kurukia. Hata waliobuni kitu hicho walijua kwamba palipojaa hapana mwendo.

Alifungua silinda hedi. Akaitoa valvu, akaifuta masizi kwa kidole gumba. Ukingo ulikuwa umeliwa upande mmoja, vilevile kama biskuti ya panya.

Kimya alikaa chini sakafuni. Chuma kilikuwa bora, ukingo ulikuwa mgumu, dawa ya kupoza ilikuwamo ndani yake, na bado kiliungua. Kiliungua kwa sababu hakikukaa kitini. Hakikuwa na pa kulikabidhi joto lake. Akainua macho akauona ukuta, kisha akakiona kiti chake kimoja, na kikombe chake kimoja kikiwa kimeinamishwa juu ya jiliwa.

"Vipi, fundi?" mwoka mikate aliuliza. Safari hii hakucheka. "Chuma?"

"Hapana. Ni mimi. Nilibana tapeti. Na ile ya kwanza nilibana mimi."

Mwoka mikate alijikuna shingo. "Basi yule mdogo wako..."

"Alisema kweli."

"Mimi nilicheka siku ile," mwoka mikate akasema taratibu. "Mara nyingi nimejuta. Nilidhani ni mzaha wa ndugu."

"Ulikuwa mzaha wa ndugu. Mimi ndiye niliyeufanya ufa."

Alifanya kazi ile kwa namna ambayo hakuwahi kuifanya. Alipaka unga wa kusagia kwenye ukingo wa valvu mpya, akaizungusha juu ya kiti kwa viganja viwili, mbele na nyuma, kama mtu anayepekecha moto, mpaka ukingo na kiti vikatoa mstari mmoja wa kijivu usiokatika. Akamimina mafuta ya taa juu yake, akachungulia chini kuona kama kuna tone linalopita. Hakuna lililopita. Hapo ndipo alipoelewa jambo alilokuwa amelipindua maisha yake yote. Kuna nafasi na kuna ufa. Nafasi huachwa, ufa huzibwa. Yeye aliiziba nafasi ili asisikie mlio, na kwa kuiziba akaufungua ufa.

Akazipima tapeti kwa kibao chembamba cha chuma, akaacha nafasi kama kitabu kinavyotaka. Injini ikawaka. Tiki-tiki-tiki. Mwoka mikate alimtazama kwa wasiwasi.

"Fundi, inapiga kelele."

"Iache iseme," alijibu Kimya. "Inayosema bado nzima."

Gari lilipoondoka alisimama mlangoni akiusikiliza mlio ule ukienda mbali. Kwa mara ya kwanza aliuona unafanana na vidole vya mtu vinavyogonga ukuta taratibu, bila kukata tamaa. Ulipopotea barabarani, gereji ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Akauendea ukuta, akaugonga kwa ngumi. Vumbi kidogo la saruji lilimwangukia mkononi. Akangoja, kama mdogo wake alivyongoja. Hakuna aliyeitika.

Asubuhi iliyofuata alikwenda dukani akanunua karatasi, bahasha, na kikombe. Muuza duka alimuuliza, "Umepata mgeni, fundi?" Akajibu, "Namtafuta." Kisha akaenda kwa mama mwenye uwanja kuomba anwani ya gereji ya mabasi. Mama alimwandikia, ila alipompa karatasi aliishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Mwezi unakwisha, baba."

"Najua, mama."

Alikaa na kalamu kama mtu aliyeshika nyoka. Aliandika habari za hali ya hewa, akazikata. Akaandika kwamba wakati ule alikuwa na mawazo mengi, akakata na hayo, kwa sababu hayakuwa kweli. Karatasi nyingi zikaishia kufutia mikono grisi. Mwisho aliandika haya:

"Mdogo wangu. Nimefungua tena gari la mikate. Tapeti nilizibana mimi, na siku ile ulisema kweli. Ile chai uliyoniletea ilikuwa ya moto, nami niliiacha ipoe. Marahaba kwa watoto, zote ambazo hawakuzisikia. Kikombe cha pili nimenunua. Nagonga. Kaka yako."

Aliikunja barua, akaitia katika bahasha. Akalamba gundi, akaifunga, kisha akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, mwanzo hadi mwisho, kama apitishavyo kidole juu ya valvu aliyoisaga. Akainyanyua kwenye mwanga kuona kama pana mahali pamebaki wazi. Hapakuwapo.

Posta palikuwa na foleni. Karani wa dirishani aliitazama ile bahasha, na alama ya kidole cha grisi pembeni yake.

"Ya kawaida au ya haraka, mzee?"

"Ya haraka. Imechelewa njiani kwa miaka."

"Imetoka wapi?"

"Upande wa pili wa ukuta."

Karani alidhani ni mzaha wa wazee, akatabasamu, akagonga muhuri mara mbili, akaitupa barua kwenye gunia la mji ule. Kimya alibaki amesimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yake alipomgusa bega. Bahasha ilikuwa imezibwa vema. Lakini jambo ambalo siku ile lingezibwa kwa neno "haya" na funda moja la chai, sasa lilidai barua na safari ndefu, na nyundo ya kubomolea matofali, kama mdogo wake atakubali kurudi. Hukumu yake ni ile isiyokatiwa rufaa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.